Nyavu za Numbi

Haya yalimpata mjomba wangu Kalaba, mwaka ule samaki walipopungua mto Luapula. Alikuwa akivua Kasenga na mwenzake Numbi, mtumbwi mmoja. Samaki walipakiwa kwenye lori hadi Lubumbashi, Lydie, mke wa mjomba, akawauza soko la Bel-Air. Nyumba nzima ilikula humo.

Mwaka huo nyavu zilipanda na majani matupu. Wavuvi wengine waliuza hata mitumbwi. Lakini kila Numbi alipokwenda peke yake, alirudi amejaza mtumbwi. Watu wakanong'ona kwamba amenunua dawa ng'ambo, Zambia. Mjomba alipomuuliza, Numbi alimjibu waende wote kesho yake, ataona kwa macho yake.

Walitoka jua limeshawaka. Mto umetulia. Walipofika penye kina, Numbi alimwambia ainame avute wavu. Kisha akasema polepole, nyuma yake, akimwita kaka kwa Kiswahili cha kwetu:

"Unisamehe, yaya. Mayi inaomba muntu."

Kafi likamshukia kichwani. Damu ikamtiririkia machoni. Pigo la pili lilimvunja meno. Akageuka, akamkaba Numbi, wakaangushana ndani ya mtumbwi, wakiumana kama wanyama. Mkono wake ukapapasa, ukapata kisu cha kupasulia samaki. Akamchoma Numbi pajani. Mpaka mpini.

Damu ya Numbi ikadondokea majini.

Wavu ukaanza kuvutwa. Kutoka chini. Kamba ikamzunguka Numbi shingoni, ikambana kwenye ukingo wa mtumbwi. Shingo ililia kama kuni kavu. Akaenda. Maji yakajifunga.

Kisha samaki wakaibuka, wengi, wazima, wakausukuma mtumbwi hadi ufukoni. Mjomba hakumgusa hata mmoja.

Mwili haukupatikana. Lydie alikwenda Kasenga kumchukua mumewe, akamleta mjini kutibiwa, kitambaa alichofungwa kichwani kimejaa damu. Muuguzi alimnyoa nywele ili ashone kidonda. Akaweka wembe chini.

"Nani alikushona, baba?"

Kidonda kilikuwa kimeshashonwa. Kwa uzi wa nyavu. Mafundo yote yalifungwa kwa mkono wa kushoto, na Lydie aliyajua: ni Numbi tu aliyefunga hivyo. Muuguzi aliukata uzi wote. Asubuhi ulikuwa umerudi.

Sasa mjomba anauza makala, mkaa wa kupikia, Bel-Air, mbali na mto. Mimi mwenyewe nimeugusa uzi ule, kiangazi, vumbi kila mahali.

Ulikuwa umelowa.