Kichujio cha Simu ya Babu

Kila Jumatano alipotoka shuleni, msichana aliyeitwa Chiriku alifanya mambo yale yale kwa mpangilio ule ule. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Babu, akanawa uso, akaenda chumbani kwake mwisho wa ukumbi na kufunga mlango. Kisha aliketi kitandani, simu mkononi, kumngoja Mama. Mama alipiga saa kumi kamili, Jumatano na Jumapili, kabla ya kuingia zamu ya jioni.

Mama alikuwa muuguzi katika hospitali iliyo mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani. Jina la Chiriku ni yeye aliyempa, maana alipokuwa mdogo mtoto huyo alisema mpaka usingizi umkatize. Siku hizi jina lilimkaa vibaya kama sare ya mwaka juzi. Nyumbani walibaki wawili tu, yeye na Babu, na kuna siku walizosemezana maneno ya kuhesabika kwa vidole.

Jumatano hiyo simu iliita, uso wa Mama ukatokea.

"Mwanangu, umeshaku..."

Picha ikaganda, mdomo wa Mama wazi, jicho moja limefumba. Duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya kioo. Sauti ikarudi vipandevipande, kisha ikapotea.

"Mama? Mama, unanisikia?"

Waliendelea hivyo kwa robo saa. Mwishoni Mama alisema, sasa akisikika kidogo, "Wiki ya tatu hii tunahangaika. Inaniumiza kukuona nusu nusu. Jumapili tukishindwa tena, basi, tuache simu hizi. Tutaandikiana tu."

Kioo kikawa cheusi. Chiriku alilala kifudifudi, akalia akiwa amebana mto mdomoni. Kuandikiana! Ujumbe hauna sauti, wala hauna uso.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kabla ya kuondoka, Mama alikuwa amefunga kisanduku cha intaneti sebuleni, nyuma ya kabati, karibu na simu ya mezani ya Babu. "Hiki kisiguswe," alisema. Lakini intaneti ya sebuleni haikufika chumbani kwa Chiriku. Kuta zilikuwa nene. Basi wiki tatu zilizopita, Babu akiwa amekwenda sokoni, alikichomoa na waya zake zote, pamoja na kidubwana cheupe cha plastiki kilichokuwa ukutani, akavihamishia chumbani, kwenye tundu la simu la zamani lililokuwa nyuma ya kitanda. Simu ya Babu aliichomeka ukutani moja kwa moja. Iliita kama kawaida. Taa za kisanduku zikawaka kijani. Alijiona fundi kweli kweli.

Siku chache baadaye intaneti ilianza kusuasua. Kwa kuwa taa ziliwaka, alijiaminisha kwamba ubovu uko nje, kwenye nguzo. Rafiki yake wa dawati moja alimshauri, "Kizime, ukiwashe." Alikizima akakiwasha mpaka kidole kikamchoka.

Kitu kingine pia kilibadilika nyumbani, ila Chiriku hakukitilia maanani. Kila jioni, kwa miaka mingi, Babu alicheza drafti kwa simu na rafiki yake aliyefanya naye kazi katika kiwanda cha uchapaji. Kila mmoja alikuwa na ubao kwake, wakitajiana kete za kusogeza na kutaniana kama watoto. Sasa ubao ulikuwa juu ya kabati, umeshika vumbi. Jioni Babu alikaa kimya akitazama dirishani.

"Babu, mbona huchezi?" Chiriku alimuuliza siku moja.

"Nimechoka tu, mjukuu wangu."

Jumatano ile Babu alikuwa amemsikia akilia. Siku ya pili yake alivaa koti lake na kutembea kwa miguu hadi ofisi ya kampuni ya simu. Jumamosi alasiri fundi akaja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkanda wa vifaa kiunoni na ngazi begani. Alianza nje, akafungua kisanduku cha ukutani na kuchomeka kipimo chake chenye kioo kidogo.

"Kasi inayofika hapa ukutani ni nzuri kabisa," alisema akiingia ndani. "Inapotelea humu humu nyumbani. Kisanduku chenu kiko wapi?"

Walimwonyesha chumbani. Fundi aliinama nyuma ya kitanda. "Kimekuwa hapa tangu mwanzo?"

Babu alimtazama Chiriku. "Mambo ya visanduku anayajua mwenzangu."

Chiriku alitazama kando. "Ndiyo," alisema. "Mama ndiye aliyekifunga hapa."

Fundi alirudi sebuleni, akainua mkono wa simu ya Babu na kuuweka sikioni. Akakunja uso. "Simu yako inakoroma, mzee."

Babu alisimama ghafla. "Na wewe unaisikia?"

"Hata aliye barabarani anaisikia."

Babu aliketi polepole. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilijua ni masikio yangu. Miaka thelathini kando ya mashine za kuchapa, nikasema sasa yamekwisha. Nilimwambia rafiki yangu asinipigie tena. Niliona aibu kumwambia arudie rudie kila neno. Hata kwenu nilikuja kwa miguu badala ya kupiga simu, nisije nikashindwa kusikia."

Chiriku aliinamisha macho sakafuni.

"Masikio yako mazima, mzee," fundi alisema. "Tazama. Waya huu mmoja wa shaba unabeba simu na intaneti pamoja. Simu lazima ipitie kwenye kichujio, kidubwana cha plastiki cha kuzitenganisha. Kisipokuwapo zinavurugana, simu inakoroma na intaneti inatambaa. Simu hii imechomekwa hivi hivi. Aliyefunga ndiye aliyekosea."

Babu alitikisa kichwa. "Binti yangu huyo. Nilimwambia asubiri fundi, akaona anajua. Kesho akipiga nitamweleza alivyotuponza."

Chiriku aliona uso wa Mama umeganda kwenye kioo, ukilaumiwa, bila nafasi ya kujitetea. Angeweza kunyamaza. Fundi angetengeneza na kwenda zake, na hakuna ambaye angejua. Akapiga moyo konde.

"Si Mama," alisema. "Ni mimi. Mama alifunga vizuri, hapa hapa sebuleni. Nilikihamisha mimi, na hicho kidubwana pia. Nimedanganya."

"Kwa nini?" Babu aliuliza.

"Nilitaka mahali pa kulia." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Nikilia na Mama hapa mbele yako, utaona kwamba hunitoshi."

Babu alimvuta kwake. "Ungeniambia tu ningetoka nikakae barazani," alisema. "Mimi nilidhani unafunga mlango kwa sababu umenichoka."

Fundi alirudisha kisanduku nyuma ya kabati, akachomeka kichujio ukutani, na simu na intaneti kila moja kwenye tundu lake. Haikumchukua dakika kumi. Alipokuwa akikunja waya za kipimo, alimgeukia Chiriku.

"Kipimo hiki kinaweza kuniambia waya umekatika mita ngapi kutoka hapa. Ila hakijui nani amehamisha nini. Hilo linamngoja mtu aseme. Nilipokuuliza chumbani ungesema, ningekuwa nimeshamaliza. Lakini umesema, tena pale ambapo ungeweza kuponyoka. Ushike mwendo huo huo."

"Na mimi nakuambia hivi," Babu aliongeza, si kwa ukali. "Uliona ni jambo dogo, lakini limenikalisha kimya karibu wiki tatu. Ukikosea, sema mapema. Wanaoumia huwa hawapigi kelele."

"Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe. Sasa niteremshie ubao wangu."

Jumapili saa kumi Babu alibeba simu yake ya mezani na ubao, akauburuta waya mrefu wa simu hadi barazani, akavuta mlango nyuma yake. Chiriku aliketi sebuleni. Uso wa Mama ukatokea, mzima, hadi kovu dogo la kidevuni. Chiriku alianza na lile gumu. Alimweleza yote, bila kujipunguzia. Mama alisikiliza hadi mwisho.

Nje, Babu alipiga ukelele, "Nimekula mbili! Na bado!"

"Nani huyo?" Mama aliuliza.

"Babu. Anacheza drafti na rafiki yake."

Wakacheka wote wawili. Kisha kicheko cha Chiriku kikageuka, mabega yakaanza kutikisika, akajifunika uso kwa mikono.

"Toa mikono," Mama alisema, na sauti yake haikukatika hata mara moja. "Lia tu, mwanangu. Nakuona vizuri."