Kinamasi cha Mama Gunnhild

Jumamosi hiyo bandari ya Tromsø ilifurika watu waliokuja kununua kamba wa kuchemsha kutoka mashuani. Jostein, fundi umeme, alikuwa akipita na mfuko wake wa kamba alipojikwaa kwa mwanamke wa sweta jekundu, aliyelala kifudifudi akipiga picha kiua kilichoota kwenye ufa wa lami.

"Dada, hapa ni njia ya watu."

"Na hili ni ua, kaka. Umelimwagia kamba wako."

Waliosalia mfukoni waliwala pamoja. Jina lake Eirin.

Kabla Juni haijaisha, Jostein alifanya jambo ambalo huku kwetu hufanyiwa mchumba tu: alimpeleka kwenye kinamasi ambako ukoo wao huchuma multe. Mahali yanapoota matunda hayo ya rangi ya dhahabu hawaambiani hata majirani wa kuzikana. Ilikuwa saa sita usiku, jua la kiangazi, ambalo huku kaskazini halizami, limekaa juu ya bahari, maua meupe ya multe yanang'aa kila upande. Eirin alipiga picha mpaka magoti yakalowa.

Juma lililofuata, picha moja ikatundikwa dirishani mwa mkahawa mjini, chini yake imeandikwa "Saa sita usiku". Jostein akapiga simu.

"Eirin, umefanya nini?"

"Nimeuza picha, mpenzi. Mlima nimeukata kwenye picha, nani atapajua?"

"Mlima umeukata, jua umeliacha. Saa sita usiku jua liko kaskazini, nawe umelionyesha juu hasa ya mnara wa taa. Mji mzima unajua kupiga mstari kwenye ramani, kutoka mnarani kwenda kusini. Mama amekuta watu kinamasini wanakagua maua. Mmoja ni mchungaji wake wa kanisani."

"Nisamehe, Jostein."

"Mama hali chakula. Anasema nimemletea mwizi mwenye kamera."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nimechoka."

Akakata simu, akaanza kupaka nyumba rangi usiku na mchana, maana kiangazi huku hata hasira hazipati giza la kulalia. Siku moja Eirin akasimama chini ya ngazi, kavaa mabuti ya mpira.

"Shuka."

"Napaka rangi."

"Ukuta huo uliupaka jana, mkaidi wewe. Shuka, na mama yako aje."

Aliwapeleka mbali kwa gari, Mama Gunnhild kanuna kiti cha nyuma. Wakavuka kilima kwa miguu, na mbele yao kikatokea kinamasi kikubwa kuliko chao, cheupe kwa maua.

"Hapa ni kwa marehemu bibi yangu," Eirin alisema. "Hata dada zangu hawapajui. Kamera nimeiacha nyumbani."

Mama Gunnhild aliinama, akayatazama maua kwa muda mrefu, kisha akajinyoosha.

"Jostein, mpose huyu kabla hajabadili mawazo."

"Mama, mimi bado nimemkasirikia."

"Utamkasirikia mkishaoana. Muda utakuwepo."