Mita Ishirini na Saba

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Hesabu alikwenda kisimani mara mbili na dumu la lita kumi. Kisima kilikuwa cha jirani yao, mama mshonaji, lakini nyumba sita zilichota hapo, na mwenyewe hakuwahi kumnyima mtu. Alikuwa na sharti moja tu: kamba ya ndoo isiachwe chini kwenye tope.

Jina la Hesabu la kuzaliwa lilibaki kwenye daftari la mahudhurio. Watu wote walimwita Hesabu kwa sababu tangu darasa la pili alikuwa akijumlisha kichwani upesi kuliko muuza duka mwenye kikokotoo. Baba yake, fundi seremala, alilipenda jina hilo kuliko mwenye nalo.

Jumatatu, aliporudi kutoka shuleni, alimkuta baba akichomeka vigingi nyuma ya nyumba. Mama alikuwa ameagiza vifaranga mia mbili, na vingefika Jumamosi. Kabla ya hapo palitakiwa banda, na kabla ya banda palitakiwa kibali.

Kwenye ofisi ya kata kulikuwa na ramani kubwa ukutani. Sehemu ya njano ilikuwa ya makazi peke yake, na huko mtu hakuruhusiwa kufuga hata mbuzi. Ya kijani ilikuwa ya mashamba. Mtaa wao ulikuwa katikati, kwenye sehemu ya mistari, ambako watu waliruhusiwa kuishi na kufuga pamoja, ila kwa masharti. Mojawapo lilisema kwamba banda la kuku zaidi ya hamsini liwe umbali usiopungua mita thelathini kutoka kisima kinachotumiwa na watu, na mwenye kisima asaini fomu kwamba ameridhia.

"Mwanangu, shika tepu," baba alisema. "Mimi nakwenda kisimani na ncha ya mwanzo. Wewe soma hapo kwenye kigingi. Fanya haraka, mvua ile inakuja."

Tepu ya baba ilikuwa na kilema. Msumeno uliwahi kuikata, ikapoteza mita nne za mwanzo, kwa hiyo ilianzia kwenye namba nne. Baba hakununua nyingine. Nyumba nzima ilijua kwamba ukipima kwa tepu hiyo, unasoma namba kisha unatoa nne.

Hesabu aliivuta tepu ikakaza. Pale kwenye kigingi aliona namba thelathini na moja na kidogo, pembeni ya doa la rangi ya bluu. Matone ya kwanza ya mvua yakamgonga kichwani.

"Thelathini na moja!" aliita.

"Umetoa nne?"

"Ndiyo, baba."

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Baba alicheka kwa furaha, akaikunja tepu, wakakimbilia ndani. Jioni hiyo hiyo baba alimpelekea mama mshonaji fomu, akasaini, na Jumanne asubuhi fomu ikafika ofisini. Ukaguzi ukapangwa Ijumaa.

Jumanne saa nne, darasani, mwalimu alikuwa akifundisha kuchora ramani kwa vipimo. Hesabu aliamua kuchora ua wao. Aliandika 31 kati ya kisima na banda, kisha mkono ukasimama. Kama kweli alitoa nne, basi macho yake yaliona thelathini na tano. Alijaribu kuikumbuka thelathini na tano, haikuja. Ilikuja thelathini na moja, na doa la bluu pembeni yake.

Akalifunga daftari.

Baada ya masomo alikwenda moja kwa moja kisimani, akatembea kuelekea kwenye vigingi akihesabu hatua. Walikuwa wamepima hatua zao shuleni. Ya kwake ilikuwa sentimita sitini. Hatua arobaini na tano. Alirudia, zikawa arobaini na tano. Mita ishirini na saba.

Baba alikuwa ameshachimba mashimo na kusimamisha nguzo za upande wa kisima. Alikuwa akipiga mluzi.

"Umekuja kukagua kazi, mkaguzi?" alimtania. "Angalia kama nguzo imenyooka."

"Imenyooka," Hesabu alijibu, akaingia ndani.

Alijiambia atasema kesho, baba akiwa hana kazi. Lakini kesho yake, Jumatano, kazi ilikuwa kubwa zaidi. Nguzo zote kumi zilikuwa wima, banda la mita kumi na mbili limegawanywa vipande vinne vya mita tatu tatu, na baba alikuwa akigongomea waya. Mama alikuwa ameshasafisha vyombo vya kunyweshea vifaranga na kuvianika kwenye ua, vikiwa vimepangwa mstari.

Shuleni alimweleza mwenzake wa dawati, aliyeitwa Redio kwa sababu ya kutozimika.

"Nyamaza tu," Redio alimshauri. "Afisa akija anaangalia makaratasi. Nani atainama kupima na viatu vyake vizuri?"

"Na akipima?"

Redio alifikiri. "Mjomba wangu alifungua karakana ya kuchomelea kwenye njano. Walikuja wakampigia msalaba mwekundu ukutani. Siku saba tu, karakana ikawa chini." Alimwona mwenzake amebadilika uso. "Lakini yeye hakuwa na kibali kabisa. Nyinyi mtakuwa nacho."

Maneno hayo hayakumtuliza. Kuanzia hapo, kila alipofumba macho aliona msalaba mwekundu kwenye mbao mpya za baba.

Alhamisi baba alianza kuezeka. Kila nyundo iliyolia juu ya bati, Hesabu aliisikia mpaka kwenye meno. Ukaguzi ulikuwa Ijumaa. Mama alimtuma maji ya jioni, akaenda akiburuta miguu.

Mama mshonaji alikuwa kando ya kisima akimwosha mjukuu wake, mtoto wa miezi minane, kwenye beseni.

"Karibu, jirani mwenye kuku," alisema. "Mtanifanyia hisani ya mayai, au nitaishia kusikia makelele tu?"

"Utapata, bibi."

"Unajua, nilisita kusaini. Kinyesi cha kuku na maji ya kunywa si ndugu. Nikamuuliza baba yako, ni mita ngapi? Akaniambia thelathini na moja. Nikamuuliza, nani kapima? Akasema kapima Hesabu." Alimwinua mtoto, akamfunga taulo. "Basi, nikasaini."

Hesabu aliteremsha ndoo, akaivuta, akajaza dumu. Mtoto aliyanyonya maji kwenye vidole vyake, akatabasamu bila jino hata moja. Hesabu aliaga kwa sauti ndogo. Alipofika nyumbani aliliweka dumu chini, akapiga moyo konde, akaenda kusimama chini ya ngazi.

"Baba, shuka."

"Nimebakiza bati mbili."

"Shuka, baba. Sikutoa nne."

Nyundo ilinyamaza. Baba alishuka hatua moja moja, akamtazama.

"Hukutoa nne wapi?"

"Jumatatu. Tepu ilisoma thelathini na moja. Nilikwambia nimetoa, na sikutoa. Ni ishirini na saba."

Baba aliifuata tepu, akampa mama ncha moja, akapima mwenyewe. Alisoma namba, akatoa nne kwa sauti, akakaa juu ya rundo la mbao.

"Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Uliuliza haraka, nami nilitaka kujibu haraka. Nilijua Jumanne. Halafu nguzo zikasimama, nikaogopa."

"Siku tatu umekaa nalo," baba alisema. Alilitazama banda, bati zake, misumari yake. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake: "Mita tatu tu. Nani atakayeziona?"

"Watu hawataziona," mama alijibu. "Maji yataziona. Na dumu lile pale mlangoni ni la kwetu sisi pia."

Baba alijifuta jasho usoni. Kisha akaiondoa ngazi.

Ijumaa asubuhi, mlango wa ofisi ya kata ulipofunguliwa, baba na Hesabu walikuwa wa kwanza kwenye benchi. Afisa wa mipango ya ardhi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, akaitoa fomu kwenye jalada.

"Hapa umesaini kwamba vipimo ni vya kweli."

"Nilisaini nikiamini ni vya kweli. Sasa najua si vya kweli, ndiyo maana nimekuja."

"Ningepima leo mchana," afisa alisema. "Huwa napima. Ningekuta ishirini na saba kwenye ardhi na thelathini na moja kwenye karatasi, na ningeandika kwamba mwombaji ametoa taarifa ya uongo. Mtu wa namna hiyo haombi tena kwa mwaka mzima." Alimgeukia Hesabu. "Unajua kwa nini tumesema thelathini?"

"Kwa sababu ya maji."

"Kwenu ni mteremko, na banda liko juu ya kisima. Mvua ikinyesha, uchafu wa banda unashuka na maji ardhini. Udongo unayachuja, lakini unahitaji nafasi ya kuchuja. Mtu mzima akinywa maji machafu ataumwa tumbo. Mtoto mchanga anaweza kufa. Sheria haikuwekwa kuwasumbua wafugaji."

Aliifuta fomu kwa mstari mmoja, akampa baba nyingine. Ukaguzi ukasogezwa hadi Jumanne.

Kulikuwa na njia moja tu. Kipande cha banda kilichokuwa karibu na kisima kiondolewe. Upande wa pili hakukuwa na pa kuongeza, kwa kuwa palipita njia ya watu. Banda lingebaki na mita tisa, na vifaranga vingepungua hadi mia moja hamsini. Mama alimpigia simu muuza vifaranga. Vya Jumamosi vikaenda kwa mtu mwingine, wao wakaambiwa wasubiri wiki tatu. Mama alivikusanya vile vyombo kutoka uani, akavirudisha stoo bila kusema kitu. Hesabu aliona afadhali angesema.

Jumamosi na Jumapili alifanya kazi na baba. Waling'oa bati, waya na nguzo mbili. Jukumu la Hesabu lilikuwa kunyoosha misumari kwa nyundo juu ya jiwe, mmoja mmoja. Aligonga kidole mara nne. Baba hakumwonea huruma, lakini mara ya nne alimwonyesha namna ya kuushika msumari kwa koleo.

Jumanne afisa alikuja na tepu yake mwenyewe, ya chuma. Alimwambia Hesabu ashike ncha kwenye ukingo wa kisima. Akaivuta hadi kwenye nguzo, akainama na viatu vyake vizuri. Baba alikuwa amefumbata mikono nyuma. Mama alisimama mlangoni na hakutoka.

"Thelathini," afisa alisema, akasogeza miwani. Akainama zaidi. "Na sentimita sita. Imekubalika."

Baba alishusha pumzi kama aliyetua gunia.

Ikabaki saini ya mwenye kisima. Hesabu ndiye aliyetumwa kuipeleka fomu mpya, na kueleza. Mama mshonaji alimsikiliza akiwa kwenye cherehani, mguu umesimama juu ya kanyagio.

"Kwa hiyo ulitaka kuninywesha kuku," alisema.

"Samahani, bibi."

"Hii kapima nani?"

"Afisa. Mimi nilishika ncha kisimani. Baadaye nilikwenda kwenye nguzo nikaisoma mwenyewe."

"Ukaona ngapi?"

"Thelathini na sentimita sita."

Mama mshonaji alichukua kalamu, akasaini.

Afisa, aliyekuwa akisubiri uani kwa mama huyo, aliipokea fomu, akaitia kwenye jalada. Wakati wa kuondoka alimwita Hesabu wakaongozana hadi barabarani.

"Kukosea kipimo si dhambi," alimwambia. "Nami hukosea. Lakini angalia siku zako. Ungesema Jumatatu pale pale, ingekuwa kupima upya, dakika tano. Ungesema Jumanne, nguzo chache. Uliposema Alhamisi, baba yako alibomoa paa na mama yako alipoteza vifaranga. Ungenyamaza kabisa, gharama ingekuwa tumboni kwa mtoto wa jirani. Kosa lilikuwa lile lile siku zote. Kilichokuwa kikikua ni ukimya wako. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku hiyo hiyo."

"Nitasema," Hesabu alijibu.

Safari hii hakujibu haraka.