Milingoti ya Ézéchias

Jumapili gauni la Léa lilimfika katikati ya muundi. Jumatano lilikuwa magotini. Mama yake, Kyakimwa, alishika pindo akalivuta chini kama mtu anayedhani nguo inasikia amri.

"Papa Léa, kuja uangalie hii robe. Imekuwa fupi."

"Ni sabuni. Inakula nguo."

"Sabuni gani inakula robe na inaongeza mikono? Angalia mikono ya mutoto!"

Josaphat Mathe, mumewe, hakuangalia. Alikuwa ameinama mezani chini ya dirisha, jicho moja kwenye kioo cha kukuza, anapaka mstari mweupe ubavuni mwa merikebu isiyozidi kidole chake cha mwisho. Ukipumua vibaya kwenye kazi ile, mstari unapotea njia. Laiti angeinua kichwa! Lakini fundi akishikwa na kazi huwa kiziwi, na huyu alikuwa ameshikwa kisawasawa.

Mtaa mzima wa Kimemi, pale Butembo, ulimjua kwa mabango ya maduka, na kwa majina anayoandika juu ya misalaba. Mwaka ule wa 2001 misalaba ilishinda mabango. Kazi ya merikebu alifundishwa na padiri mmoja mzee wa Ubelgiji, aliyekuwa na sanduku lake la meli za kivita za zamani, za chuma laini, za kuchezea vita mezani kwa kurusha kete. Vita vya kweli vilipokuja padiri alikimbia, nyumba ikaporwa, na sanduku likazunguka hadi likafika kwa komanda mmoja wa waasi kule Beni, karibu na uwanja wa ndege wa Mavivi. Huyo mchezo huo aliujua, alijifunza ng'ambo kwenye shule ya kijeshi. Meli zilikuwa zimevunjika milingoti na hazina vitako. Akazituma kwa Josaphat: ishirini na nne, nusu nyekundu, nusu bluu, kila moja isimame juu ya bahari yake.

Askari aliyeleta sanduku alimnyooshea Léa mdomo wa bunduki.

"Vieux, weye muzee, batoto wako ni bangapi?"

"Ni huyu mumoja tu."

"Basi fanya kazi muzuri."

Ndiyo, mmoja tu, aliyebaki baada ya makaburi matatu. Josaphat alifanya kazi muzuri. Alikata vitako vya kartoni, akapaka gundi ya mbao na unga wa msumeno, akakwaruza mawimbi kwa ncha ya sindano. Kisha rangi ya kijani iliyokaribia weusi, na ilipokauka, akapitisha brashi yenye weupe kidogo sana juu ya migongo ya mawimbi, mpaka maji yakaonekana yanakwenda. Kamba alizifanya kwa nywele za plastiki za wasusi. Tatizo lilikuwa milingoti. Alihitaji sabini na miwili, myembamba kama kijiti cha ufagio na iliyonyooka, na kila mti aliopasua ulimpindia.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya Jumapili ile, Kambere, fundi wa majeneza, alimletea msalaba wa kuandikwa jina, umefungwa pamoja na tete refu. Tete hilo kila mtu pale alijua ni la nini. Fundi akiitwa penye maiti huenda na tete, hulilaza kutoka utosini mpaka kisiginoni, hulitia alama kwa kisu, na jeneza huchongwa kwa kipimo kile. Kisha tete hushuka kaburini na mwenyewe. Kipimo cha mfu hakibaki kwa wazima.

Marehemu aliitwa Ézéchias, mkulima wa Vuhovi, mrefu kuliko mtu yeyote sokoni. Askari walimwambia abebe sanduku lao la risasi. Akajibu kwamba mgongo wake ni wake. Walimkata miguu yote miwili kwa panga, wakicheka kwamba sasa amelingana na wenzake, wakamwacha shambani akivuja damu mpaka akaisha. Kambere aliirudisha miguu mahali pake ndipo akampima.

Na tete lile lilikuwa kavu, limenyooka, linapasuka kwa kufuata uzi wake. Josaphat alilipitisha ukucha mara moja tu, tamaa ikamshika. Akakata tete jingine bichi nyuma ya jikoni, urefu uleule, akalitia alama ileile, akalifunga kwa kamba ileile, akamrudishia Kambere pamoja na msalaba. Tete ni tete, alijiambia. Mpumbavu mkubwa! Alipata milingoti sabini na miwili na vipande vikabaki.

Alhamisi askari walikuja wakachukua meli zote. Ijumaa, saa sita kamili za mchana, jua liko juu ya paa na majirani wanatwanga sombe, majani ya muhogo, nyumba ilianza kunuka mbao mpya na udongo wa chini, ule mwekundu na wenye maji ambao haufikiwi kwa jembe. Kyakimwa aliacha kisu.

"Papa Léa," alinong'ona. "Unasikia?"

Ilikuwa sauti ya ubao unaong'olewa misumari polepole. Ilitoka chumbani kwa mtoto.

Léa alikuwa amelala chali mkekani, mikono ubavuni kama aliyelazwa na mtu, macho wazi, na hakukuwa na yeyote mle ndani, lakini kichwa chake kilikuwa kimegandamizwa ukutani na visigino vyake vilikuwa vinakwenda, vinavutwa mbele kidogo kidogo, magoti yanalia, nyonga zinalia, ngozi ya vifundo inakuwa nyeupe halafu inapasuka na damu inatoka kwa mistari, na mtoto anapiga kelele bila kufunga mdomo hata kuvuta pumzi, na Kyakimwa akamrukia akamkumbatia kiunoni, akapigwa teke la mtu asiyeonekana likamvunja meno mawili, na Josaphat akachukua panga akakata hewa mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu panga liligeuzwa mkononi mwake likamchana bega mpaka mfupa.

Jua lilipopita juu ya paa, kila kitu kilinyamaza. Léa alizimia. Josaphat alimpima kwa kiganja: alikuwa ameongezeka vidole vinne.

Kambere aliitwa. Alisimama mlangoni, akanusa, akamwangalia mtoto kwa jicho lile la kazi yake.

"Josaphat. Ile tete ulinirudishia ilikuwa ya nani?"

Josaphat aliangalia vipande vya tete vilivyobaki mezani.

"Ile ya Ézéchias ulifanya nayo nini?"

"Nilipasula. Nilifanya milingoti ya bateau za komanda."

Kambere alimpiga kofi lililomwangusha juu ya meza ya rangi. Kisha naye akakaa chini.

"Weye mutu wa kuandika misalaba, unafanya vile? Mufu hana kipimo, hana namna ya kulala. Anavuta mutoto wako mpaka atoshe mu jeneza yake. Siku tano, siku sita, itakuwa imeisha."

"Nifanye nini, Papa Kambere?"

"Umurudishie vijiti vyake vyote. Ao umupe kipimo cha mutu mwingine. Mutu muzima, mwenye kulala yeye mwenyewe, bila kumufunga."

"Munipime miye," alisema Kyakimwa, damu ikimtoka mdomoni.

"Uko mufupi, Mama Léa. Atakuvuta vilevile. Utakufa vibaya."

"Nife vibaya. Nani amekuuliza namna ya kufa?" Akajilaza sakafuni palepale, karibu na binti yake, mikono ubavuni.

Josaphat alimwinua mkewe. Alimwomba ampe hadi kesho, avifuate vile vijiti kwa komanda. Akafunga bega kwa kitenge, akapanda lori la mbao linalokwenda Beni.

Komanda alikuwa barazani, meza ndefu imetandikwa blanketi la bluu, na merikebu zimejipanga juu yake. Alikuwa mtu mnene wa kifua na mrefu. Upande wa pili alimweka mlinzi wake Nzanzu, kijana wa Lubero, amrushie kete za adui. Ilikuwa kazi nzuri, Josaphat hakuweza kujizuia kuiona: mawimbi yalikuwa hai. Lakini nyekundu zilikuwa zimebaki tatu. Kwenye sahani ya majivu palijaa vijiti vyeusi.

"Artiste! Yaka, yaka, kuja karibu. Meli ikizama kwangu inaungua. Ndiyo loi, sheria ya bahari." Akang'oa mlingoti mmoja, akaugusisha na sigara, ukawaka kwa harufu ya mbao mpya.

Josaphat alipiga magoti akasema yote: tete, mfu, mtoto. Komanda alisikiliza akitabasamu.

"Yule murefu wa Vuhovi? Nilikuwa pale. Alilia kama mbuzi." Akampiga kitako cha bunduki mdomoni. "Mutoto anakuwa murefu? Mulete, nitamufanya askari."

Josaphat alibaki chini, ametazama buti za yule mtu, kisha magoti, kisha kifua, mpaka kichwani. Hofu ilimtoka mwilini yote kwa mara moja, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi. Akatema damu pembeni, kwa heshima.

"Mukubwa, unisamehe, nilisema upumbavu. Lakini bateau zinahitaji chef, mukubwa wao. Nikuchore ku ukuta huu, urefu wako wote, na nguo ya amirali, na upanga?"

Komanda alijiangalia kwenye kioo cha dirisha. Alijipenda yule mtu, alijipenda mno.

"Urefu wangu wote?"

"Wote. Ila lazima nichukue kipimo. Nzanzu aniletee tete."

Nzanzu alikwenda uani akarudi na tete kavu, refu.

"Nisimame hapa?"

"Hapana, Mukubwa. Mutu akisimama anapumua, kipimo kinacheza. Ulale."

Komanda alisukuma merikebu kando akajilaza juu ya lile blanketi la bluu, mikono ubavuni, akicheka. Josaphat aliweka tete utosini, akalinyoosha mpaka kisiginoni, akatia alama kwa kisu. Nzanzu aliona. Huyo ni mtoto wa kule kwetu, amekwisha kuona wajomba zake wakipimwa hivyo. Mdomo wake ulifunguka. Josaphat akamtazama, hakuomba kitu. Kijana alifunga mdomo, akageukia ukuta, akasimama hivyo mpaka mgeni alipoondoka na tete begani.

Alfajiri Josaphat na Kambere walichimba kaburi kule Vuhovi mpaka kwenye kifuniko. Tete bichi lilikuwa limetupwa juu ya jeneza, limevunjwa vipande vipande. Kambere alilaza lile jipya, la komanda.

"Ézéchias, hii ni yako," alisema kwa sauti ndogo. "Mwenye kipimo alilala yeye mwenyewe. Acha mutoto."

Walikimbia njia yote ya kurudi, na saa sita iliwakuta mlangoni. Harufu ilikuja. Visigino vya Léa vilianza kwenda, mtoto akapiga ukelele mmoja, na Kyakimwa akamlalia mzima mzima. Halafu vikaachwa. Miguu ilianguka mkekani. Josaphat alilia kwa sauti, wala hakuona haya mbele ya majirani.

Jumatatu Nzanzu alifika Kimemi bila bunduki, ametoroka. Kyakimwa alimpa uji, naye akasimulia. Jumamosi saa sita komanda alikuwa na kete mkononi, alipoanguka chali juu ya meza na buti zikamtoka zenyewe, akavutwa, akaita watu, askari sita wakashika mabega yake wakavuta upande wao na kile kitu kikavuta upande wake, nyonga zikaachia kwanza kwa mlio kama wa gunia linalopasuka, halafu magoti, mtu akafyatua risasi hewani chini ya miguu ile na zikawarudia, wawili wakafa palepale, na komanda alikuwa bado anaita, bado ana sauti, mpaka mgongo ulipokatika. Mwishoni alilala kutoka mezani hadi kizingitini.

"Bateau zote ziligeuka," alisema Nzanzu. "Zilimuangalia."

Josaphat hakujuta. Nasema hivyo kwa sababu wengine wangependa ajute. Alimshukuru Mungu, akaenda kukaa karibu na mtoto wake, ambaye tangu Ijumaa alikuwa hajasema neno. Miguu ilifungwa vitambaa. Alikuwa ameanza kupona.

"Papa," alisema Léa.

Kyakimwa aliweka sufuria chini. "Eee Nyamuhanga, Mungu wetu! Amesema!"

"Ézéchias amelala. Amesema aksanti. Lakini bengine banauliza."

"Bengine gani, mama yangu?"

"Ba kule kwao Vuhovi. Balibatupa mu shimo moja, kumi na saba, hakuna fundi alibapima. Ézéchias amebaambia kama weye unajua kupima." Alinyanyua mkono wake mrefu akaonyesha mlango uliokuwa wazi, na nje yake mchana mweupe. "Beko pale. Wa mbele ni mutoto mwanamuke. Tulisimama naye mugongo kwa mugongo."

Josaphat alishindwa kugeuka kutazama.

"Tuko sawasawa, Papa. Amesema kipimo changu kinamutosha, miye haina lazima ya kunivuta."