Soksi Nyeusi ya Golikipa

Justus alikuwa ameacha kunyonya. Kila alfajiri aliposikia maziwa yakilia ndooni, alitambaa mpaka mlangoni na kikombe chake cha bati. Alijua Tunu anakamuliwa.

Tunu alikuwa ng'ombe pekee mwenye maziwa nyumbani kwa Tobias na Marcelina, katika kijiji cha ujamaa karibu na Goweko.

Sikukuu ya Saba Saba ilikuwa inakaribia. Mavuno yamekwisha, shule zimefungwa, na vijiji vinashindana kwa michezo. Tobias alikuwa golikipa. Marcelina alicheza netiboli. Mume na mke walipishana mlangoni kama abiria wa stesheni ya Tabora.

"Mama Justus, Tunu nimemkamua nusu," Tobias alisema jioni moja, akivaa soksi zake nyeusi. "Wenzangu wananingoja. Nitamalizia nikirudi."

"Utarudi saa ngapi?"

"Mpira ukiisha."

Mpira uliisha, nyimbo zikaanza. Tobias alirudi amechoka, akalala. Kesho yake Marcelina naye alikamua mbiombio, mikono ingali na vumbi la uwanja. Ikawa hivyo siku kadhaa.

Asubuhi moja Tunu aliipiga ndoo teke. Kiwele kilikuwa kimevimba upande mmoja, na kilikuwa cha moto. Marcelina alipochemsha maziwa, yakakatika. Justus alikigonga kikombe chake chini, akalia.

"Ni watu wa kijiji cha pili," Tobias alisema. "Wameshindwa kunifunga, sasa wamemroga ng'ombe wangu."

"Golikipa ni Tunu? Si wangeiroga mikono yako?" Marcelina akamfunga mtoto mgongoni. "Mimi namfuata Bwana Mifugo."

Bwana Mifugo wa kata alikuwa mwanamke, Josepha, lakini watu walimwita hivyo hivyo. Alikuja na baiskeli yake.

"Shikamoo, mama," Tobias alimwamkia.

"Marahaba. Nipe kikombe na kitambaa cheusi, kisafi."

Nyumba nzima haikuwa na kitambaa cheusi. Josepha akatazama kamba ya nguo.

"Ile soksi imefuliwa?"

"Imefuliwa, lakini ni ya mechi!"

"Ilete."

Josepha aliikata kwa wembe, akauvalisha mdomo wa kikombe. Alinawa mikono kwa sabuni, akakamua maziwa ya kwanza juu yake. Majimaji yalipita. Juu ya weusi yakabaki mabonge madogo meupe.

"Mnaona? Huu ni ugonjwa wa kiwele."

"Nani kamroga?" Tobias aliuliza.

"Haraka zenu. Maziwa mkiyaacha ndani, na mikono ikiwa michafu, vijidudu huingia na kuzaana humo. Chuchu hii inaweza kufa kabisa. Ikifa, haitatoa maziwa tena."

Marcelina alimtazama Justus. "Tufanye nini, mama? Tuambie yote."

"Nitatia dawa. Nyinyi naweni kwa sabuni. Osheni kiwele, mkaushe kwa kitambaa safi. Chuchu iliyougua ikamuliwe mwisho, mara nyingi kwa siku, mpaka maziwa yaishe. Maziwa yake yafukieni mbali. Na maziwa ya Tunu yasinywewe na mtu mpaka mimi niseme."

Alipoondoka, Tobias aliitazama soksi iliyobaki kambani. Fainali ya Saba Saba ilikuwa mbele yake.

"Baba Justus," Marcelina alisema, "mimi nacheza asubuhi, wewe jioni. Nikiwa uwanjani, zizi ni lako. Ukiwa uwanjani, ni langu. Hakuna kumwachia mwenzako nusu."

"Na kazi ikichelewa?"

"Basi utachelewa uwanjani, si zizini."

Jirani yao Mwamvita akawa anamletea Justus maziwa. Damas, nahodha wa timu, alipita akamkuta Tobias amechuchumaa anakanda kiwele kwa maji ya moto.

"Jamani! Golikipa wetu amekuwa mkunga!"

"Mikono hii ndiyo inayodaka mashuti yako kila siku, Damas. Iache ifanye mazoezi."

Hawakuruka zamu hata moja. Uvimbe ukapungua. Tunu akaacha kupiga teke. Siku za dawa na za kungoja zilipokwisha, asubuhi ya fainali, Josepha alirudi. Tobias mwenyewe alikamua maziwa ya kwanza juu ya soksi. Wote waliinama kutazama.

Yalipita yote. Juu ya weusi hakukubaki kitu.

"Chuchu imepona," Josepha alisema. "Mchemshieni mtoto. Na kila mkikamua, anzeni na soksi hiyo."

Justus alikunywa mpaka akaota sharubu nyeupe, akanyoosha kikombe apewe tena.

Jioni Tobias aliingia uwanjani na soksi moja nyeusi, nyingine nyeupe ya kuazima. Watu wakapiga kelele.

"Golikipa! Soksi nyingine umemuuzia nani?"

Tobias alilitazama jua likishuka; ilikuwa saa ya kukamua. Marcelina alikuwa zizini, amenawa mikono.

"Iko kazini," alijibu, akasimama golini.