Njaa Isiyo ya Vinia

Asubuhi ile Kevisi aliamka kama alivyoamka siku zote tangu vita viishe, amechoka kabla hajagusa kazi. Akakoka moto, akapasha mawe, akatwanga magimbi na njugu za mti wa ngali ili apike mkate wa mumewe.

Mumewe alikuwa fuvu. Huu ulikuwa mwaka wa tatu Pitakaka akikaa kwenye kijumba cha mafuvu kule rasini, pamoja na baba yake na babu zake, na desturi ya ukoo ilitaka mkate wa kwanza uende kwao, walio hai wafuate. Mwalimu wa kanisa alinung'unika kila Jumapili. Kevisi alimsikiliza, akaimba nyimbo zote, kisha akaenda kupika.

Pitakaka alikuwa akiwapeleleza Wajapani msituni kwa ajili ya Wamarekani. Siku moja aliingia msituni na hakutoka. Mdogo wake, Zomoro, alimtafuta miezi saba, mpaka alipokuja na mkoba wenye fuvu na ile pete nene ya kombe la baharini, iliyotungwa kwenye kamba, ambayo Pitakaka hakuivua shingoni tangu ujana. Kevisi aliipokea pete akalia mpaka sauti ikakauka. Fuvu lenyewe hakuliona, kwa sababu mjane haruhusiwi kulitazama fuvu la mumewe. Wanaume walilifunga kwenye gome la mti, wakalipeleka.

Basi akalisha, mwaka baada ya mwaka, wala mkate haukubaki hata mara moja. Angefurahi, kama si Vinia.

Vinia alikuwa binti yake wa pekee, wa miaka kumi na minne, naye alikuwa akiisha. Alikula kama mkata magogo, na kila wiki mbavu zikazidi kuhesabika.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshakula, mama. Mara tatu." Mtoto akajishika tumbo, akashusha sauti. "Njaa hii si yangu."

Kevisi alimsogezea gimbi jingine. Akachukua mkate, akaenda rasini.

Kawaida aliuweka kwenye jiwe la mlangoni akaondoka bila kugeuka. Siku hiyo uchovu ulimshinda. Akaketi kwenye mzizi nyuma ya kijumba apumzike kidogo. Jua lilikuwa la utosi, na bahari imetulia tuli.

Ndipo akasikia mtu akitafuna.

Alitafuna haraka haraka, kama anayeogopa kunyang'anywa. Akalamba jiwe. Kimya. Kisha ubao wa mlango ukagongwa kutoka ndani, polepole, mara tatu. Alitaka kuongezewa.

Kevisi akainuka. Pitakaka alikuwa mlaji wa pole, wa mwisho kumaliza kila karamu, hata watoto wakimcheka. Huyu hakuwa Pitakaka.

Akavunja mwiko. Akafungua.

Mafuvu yalikuwa yamepangwa safu moja. Wazee wote meno yao yalikuwa meusi kwa kutafuna popoo na chokaa, kama ya kila mwanamume wa ukoo ule. La mwisho lilikuwa dogo. Gome lilikuwa limefunguka lenyewe. Meno yalikuwa meupe. Katikati ya meno, chembe za magimbi, bado zina mvuke.

Alimkuta Zomoro ufukweni akigonga bati la ndege iliyoanguka, anatengeneza sufuria.

"Shemeji," akanong'ona. "Uliyaangalia meno?"

Nyundo ikasimama. Zomoro hakuinua uso.

"Niliyaangalia."

"Ukajua."

"Nilijua palepale. Kaka angekuwa na meno meupe tokea wapi?" Akaiweka nyundo chini. "Miezi saba, shemeji. Miguu ilivimba. Kila nikirudi mikono mitupu ulikuwa hunitukani, unanitazama tu. Mwenye fuvu lile alikuwa Mjapani; nilimkuta korongoni, mifupa mitupu. Kafa kwa njaa, kashika majani mkononi. Pete ya kaka ilikuwa shingoni mwake. Nikasema, pete ni ya kaka, itatosha. Nilichoka."

"Kwa hiyo nimemlisha muuaji wa mume wangu miaka mitatu."

Zomoro akaisukuma nyundo mchangani.

"Na sasa anamla binti yangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Kevisi angejuaje? Alitamani kumpiga kwa kasia. Alimchukia kwa moyo wote, na bado hakuwa na nguvu hata za kuinua mkono, tena aliujua ule uchovu wa Zomoro kama anavyoujua mkono wake.

"Simama," akasema. "Tumrudishe kabla jua halijashuka."

Zomoro alilitia fuvu mkobani, akaubeba. Njiani mkoba ukazidi kuwa mzito, mpaka walipofika korongoni alikuwa akiuburuta. Wakachimba. Kevisi alikuwa amejiandaa kulitemea mate fuvu lile. Lilipotoka mkobani akaona lilivyo dogo. Kijana tu. Mama yake yuko mahali anamsubiri, hajui. Akatoa gimbi baridi kwenye kanga yake ya kiunoni, akaliweka shimoni.

"Usinifuate," akanong'ona, akafukia.

Kabla ya jua kuzama alirudi kijumbani, akaitundika pete ya kombe kwenye nafasi iliyobaki wazi, akaweka mkate jiweni, mkate wa mtu asiye na fuvu wala kaburi.

Kulipokucha Vinia alikula nusu gimbi, akasukuma sahani. "Nimeshiba, mama." Kevisi alilia mbele yake bila kuona haya.

Kisha akaenda rasini.

Mkate ulikuwepo. Umemegwa vipande viwili, sawasawa. Pembeni mwa kimoja palikuwa na tone la mate mekundu ya popoo, bado bichi, na katika familia ile hakuna aliyetafuna popoo tangu msiba. Kipande cha pili kilikuwa na alama ya meno. Madogo, safi.

Kevisi akaugusa mlango wa kijumba kwa vidole.

"Kumbe umekwenda kumchukua," akamnong'oneza mumewe. "Haya. Lakini mtoto wangu mniachie."

Akageuka kwenda kutwanga magimbi zaidi. Nyuma yake kutafuna kukaanza, kwa watu wawili, mmoja polepole, mwingine haraka haraka. Kabla hajafika njiani, yule wa haraka akaanza kutafuna polepole.