Mara Saba Kwenye Ubao

Jioni ile seremala alikwenda kupeleka kigoda kwa mteja wa mtaa wa pili, akarudi karakana jua limeshazama lakini mwanga haujaisha. Akakuta maandishi kwenye ubao.

Ubao huo ndio uliokuwa simu yake. Aliugongomea mlangoni miaka mitatu iliyopita, akaning'iniza chaki kwa uzi, na kila aliyemtaka aliandika shida yake hapo: kitanda kimevunjika mguu, mlango haufungi, njoo kesho asubuhi. Simu hana, na hataki. Watu walimtania wee, wakachoka. Kinyozi wa mlango wa pili alimbatiza jina la Bwana Chaki, na akipata mteja mgeni alimwonyesha kwa kidole kama mtu aonyeshaye jengo la kale. Seremala alicheka naye. Sababu hakumwambia mtu.

Safari hii hapakuwa na habari za kitanda wala mlango. Palikuwa na mstari mmoja ulionyooka, umepigwa kwa rula, na juu yake neno moja kwa herufi za duara, kubwakubwa, za kufundishia watoto.

Pokea.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Hakuwahi kuandika kitu, hata orodha ya sokoni, bila kupiga mstari kwanza.

Siku alipoanguka jikoni, seremala alikuwa kazini, randa ya umeme inanguruma, simu ameivingirisha kitambaa na kuitia kwenye droo ya meza isiingie vumbi la mbao. Alipoitoa jioni alikuta amepigiwa mara saba. Akakimbia nyumbani. Chai aliyojimiminia mkewe ilikuwa imepoa, na mwenyewe amepoa.

Jeneza alilichonga kwa mikono yake. Siku mbili zile za msiba simu haikutoka kwenye mfuko wa shati, utadhani sasa ingemfaa kitu. Alipoinama kumweka sawa kitambaa cha kichwa, ikateleza, ikamwangukia marehemu begani. Hakuiona. Akapigilia misumari. Aligundua mfuko ni mwepesi kaburi likiwa limejaa nusu, na watu wote wapo kimya. Angeweza kusema. Hakusema. Aliona simu ile imekwenda kwa mwenye haki nayo, na kwamba mtu kama yeye hastahili kushika nyingine.

Aliyekataa kuizoea hali hiyo ni mmoja tu, binti yake wa pekee, aliyeolewa na dereva wa lori katika mji mwingine. Miezi miwili nyuma alikuja na ujauzito wa miezi sita, akaketi juu ya rundo la mbao akimbembeleza. Mumewe hukaa barabarani wiki mbili mbili. Akishikwa na uchungu atamwita nani? Seremala akasema majirani wapo. Binti akainuka, akaandika namba yake kwenye kona ya juu ya ubao.

"Usiifute hii, Baba."

"Siifuti."

"Namba yako ya zamani bado ninayo kichwani. Nikiwa na mawazo vidole vinaipiga vyenyewe. Wanasema haipatikani." Akacheka kidogo, na macho yake yakalengwa na machozi.

Basi jioni ile seremala alilitazama neno lile, akajiambia huu ni utani wa kinyozi. Lakini kinyozi alikuwa amefunga tangu mchana. Na unga wa chaki ulikuwa bado unapukutika...

Akalifuta kwa mkono wa shati. Akaingia ndani kuweka vyombo vyake.

Zzz... zzz... zzz...

Sauti ilitoka kwenye droo ya meza ya kazi. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Seremala alisimama na msumeno mkononi, akihesabu bila kutaka kuhesabu. Tatu. Nne. Tano. Ilipofika ya saba, ikakatika katikati, kama simu iliyopokelewa.

Akaivuta droo.

Ndani hamkuwa na simu. Mlikuwa na udongo, ujazo wa kiganja, mbichi, unaonukia mvua.

Aliogopa, na mtu akiogopa hutafuta maelezo ya karibu. Akasema ni panya. Akafunga karakana na kwenda kulala na shati lile lile lenye chaki mkononi.

Kesho yake aliwasha randa asubuhi, na hakuizima. Mbao ambazo hazikuhitaji kupigwa randa alizipiga. Alijua anachokifanya: alikuwa anajiziba masikio. Vumbi lilimjaa kope, nguvu zikamwisha, na magharibi ilipoingia ndipo akazima na kutoka nje.

Ubao ulikuwa umejaa. Mistari saba imenyooka sawasawa, na katika kila mstari neno lile lile. Chini kabisa, mahali ambapo mstari ulikuwa umepinda kana kwamba mpigaji amechoka, paliandikwa:

Fundi wangu, mtoto anaita.

Duniani ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita Fundi wangu.

Kinyozi alikuwa anafagia nywele. Alifungua mdomo atie utani, akauona uso wa mwenzake, akaegemeza ufagio ukutani.

"Nipigie namba ile ya kona," seremala alinong'ona.

Iliita muda mrefu.

"Baba?" Sauti ya binti ilikuwa kavu, ya mbali. "Umefika wapi?"

"Nimefika wapi vipi, mwanangu?"

"Si uko njiani? Tangu jana nakusubiri. Mama alisema nitulie..."

Kinyozi ndiye aliyeidaka simu isianguke, na ndiye aliyekuwa na akili ya kuuliza namba ya mwenye nyumba. Huko mlango ulivunjwa. Binti walimkuta sakafuni. Yeye walimwahi. Mtoto, wa kike, hawakumwahi.

Hospitalini seremala aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono kati ya magoti. Binti alimsimulia akitazama ukuta. Maumivu yalimwanza juzi jioni, mapema mno kabla ya siku zake, akashikwa na woga, na vidole vikapiga namba ya zamani. Safari hii iliita. Akapiga tena na tena. Mara ya saba ikapokelewa.

"Ilikuwa sauti yake, Baba. Nyuma yake kimya, kama mtu aliye ndani ya kabati. Akaniambia, tulia mwanangu, naenda kumwita baba yako." Akavuta shuka hadi kifuani. "Ningepiga kelele majirani wangesikia. Sikupiga. Nilijua unakuja."

Seremala alitaka kumwambia habari za mkono wa shati. Alilia tu, na binti, asiyejua anachokililia, akamshika mkono kumfariji. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Kinyozi alimpa maelezo yake. Namba ikikaa bila mwenyewe hupewa mtu mwingine. Bila shaka mama mmoja mwenye huruma alipokea, na mgonjwa akasikia alichotamani kusikia. Seremala akamuuliza, na ubao? Kinyozi alipangusa kioo chake ambacho tayari kilikuwa safi, na hilo hawakulirudia.

Alinunua simu ndogo ya vitufe. Alikaa nayo mfukoni, na kila robo saa alizima randa akasikiliza. Wiki ya tatu, saa ile ya magharibi, ikatetemeka kifuani mwake. Namba iliyoandikwa kwenye kioo aliijua kuliko jina lake. Ilikuwa yake mwenyewe, ya zamani.

Akapokea.

Kimya. Kimya cha ndani ya kabati. Kisha, kwa mbali, kitoto kichanga kikawa kinalia... kinalia... Sauti ya chini ikakibembeleza, taratibu, ya mtu aliyezoea watoto wa watu. Kilio kikapungua. Kikaisha.

"Mke wangu," seremala alisema, machozi yanamdondoka juu ya mbao. "Nisamehe. Niliufuta ujumbe wako."

"Polepole, Fundi wangu," ilimjibu. "Ndiyo kwanza amelala."